Picha Yangu Iko Wapi?

Picha za dansi za zamani zina ila moja kubwa: ndani yake mna watu. Ingekuwa ni kumbi tupu, meza za chuma, kreti za bia na spika zilizopangwa ukutani, rafiki yangu angeandaa maonyesho yake kwa amani na mimi ningebaki kwangu Tabata nikisoma gazeti. Lakini watu wana macho, wana wajukuu, na wanakumbuka kila senti waliyowahi kuitoa mfukoni.

Rafiki yangu huyo tumwite Fundi, kwa kuwa ndivyo alivyoitwa na kila mtu kumbini katika miaka ya 1980. Alikuwa mpiga picha wa dansi. Studio hakuwa nayo. Alikuwa na Yashica ya macho mawili, ile inayoshikwa kifuani halafu unainamia kioo chake kwa juu, na flashi ambayo betri zake zilitafutwa kwa kujuana. Kazi ilikwenda hivi: unapita meza kwa meza, unapiga, unapokea chako, unaandika jina kwenye daftari, na wiki inayofuata bendi ikirudi ukumbini hapo hapo unaleta picha. Mkanda wa kamera ile ulitoa picha 12 tu, kwa hiyo kabla ya kubonyeza ilibidi usome watu. Huyu ana chupa sita mezani lakini zote ni za mkopo. Yule kaja na mke wa mtu. Huyo atalipa vizuri sana, ila atalipa ili picha isitoke.

Ubovu wa utaratibu ulikuwa hapo kwenye "wiki inayofuata". Wenye umri wetu wanaikumbuka hali ilivyokuwa: fedha za kigeni hakuna, sabuni kwa foleni, na vitu vya kutoka nje, yaani mikanda, karatasi za picha, dawa za kusafishia, vinaonekana mara moja halafu vinapotea miezi. Fundi akiwa na mkanda uliopigwa, karatasi hakuna. Akipata karatasi, bendi imehamia ukumbi mwingine. Akiifuata bendi huko, mwenye picha kahamishiwa Songea. Negativu zikabaki kwake, ndani ya bati la biskuti chini ya kitanda, zikipambana na joto la Dar es Salaam kwa takriban miaka 40. Baadhi ziligandana. Nyingine zikaanza kutoa harufu ya siki, ambayo kwa mikanda ya aina ile ni dalili kwamba plastiki yenyewe inaoza, na shemeji yangu alipekua kabati la jikoni mara nyingi akitafuta achari iliyomwagika.

Ndipo akatokea binti mmoja anayesimamia maonyesho mjini. Aliona picha chache kwenye simu ya mtoto wa Fundi, akazitaka zote zilizosalimika. Kijana anayefanya kazi na binti huyo akazipitisha kwenye mashine na kuziingiza kwenye kompyuta. Sharti la binti lilikuwa kwamba kila picha iwe na maelezo: ukumbi gani, bendi gani, mwaka gani, na pembeni yake iwepo picha ya mahali hapo palivyo leo, iliyopigwa kutoka pale pale aliposimama Fundi wakati ule. Fundi akasema hilo ni dogo, kila kitu kipo kichwani. Mimi akaniita niwe shahidi.

Ushahidi wenyewe ulikuwa na dosari tangu mwanzo, na binti hakuambiwa. Fundi ni Sikinde. Mimi ni Msondo.

Kwa wasomaji vijana, Msondo ndiyo ile NUTA Jazz iliyoanza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadili jina kuwa JUWATA, bendi nayo ikabadili. Kikawa OTTU, bendi ikafuata. Mwishowe ikachoka kumfuata mzazi wake ofisini, ikabaki Msondo Ngoma. Sikinde ni Mlimani Park, iliyozaliwa mwaka 1978 kwenye baa yenye jina hilo, mali ya shirika la usafiri na teksi, kabla ya kuchukuliwa mwaka 1983 na DDC, shirika la maendeleo la jiji. Ulikuwa ni wakati ambao kampuni ya teksi iliweza kumiliki wapiga tarumbeta na mtu yeyote asishangae. Mwanamuziki alikuwa na mwajiri, mshahara na sare. Tatizo ni kwamba hakukaa sehemu moja. Mwimbaji Muhiddin Gurumo alitoka JUWATA kwenda kuianzisha Mlimani Park, mwaka 1985 akaenda bendi ya OSS, halafu baadaye akarudi nyumbani Msondo. Sasa mbele yetu ipo picha ya Gurumo akiimba, mdomo wazi, jasho linamtiririka. Ni Gurumo yupi?

"Wa Sikinde," alisema Fundi.

Kwa Fundi, kila Gurumo ni wa Sikinde. Nikamwambia aangalie sare. Akaniuliza niliwahi kuona sare ya rangi gani kwenye picha ya nyeusi na nyeupe. Binti akaandika "Gurumo, miaka ya 1980", akafunika kalamu, na nikaanza kumheshimu.

Picha iliyotusumbua zaidi ya zote ilikuwa nyingine. Msichana wa gauni la madoadoa anacheza na kijana mrefu mwenye afro na suruali ya bugaluu ambayo haikupata taarifa kwamba miaka ya 1970 imekwisha. Nyuma yao yuko mpiga solo, na gitaa kalishika kwa mkono wa kushoto. Ukutani, juu ya kichwa cha kijana, zinaonekana herufi kubwa za rangi ya mafuta: O, O, H. Baada ya H kuna kitu, lakini afro imekifunika. Binti alifurahi mno. Alikuwa ameshasoma kuhusu OSS, DDC, OTTU, akaona hii nayo lazima ni bendi. "O.O.H. ni kifupi cha nini, baba?"

"Orchestra," Fundi alianza, akafumba macho akivuta kumbukumbu, "ile ya Wakongo. Walikaa Dar kidogo tu, wakapitiliza Nairobi."

Ni jibu la mtu mzoefu. Bendi za Kikongo zilizopita hapa na kuishia Nairobi hazikuwa chache, na hakuna wa kukukatalia. Binti akaandika. Akaongeza na maneno "mpiga solo wa mkono wa kushoto", kwa wino mwekundu.

Tulianzia Mnazi Mmoja, kwenye ukumbi wa Arnautoglu, ambao Dar nzima huuita Anatoglo. Ulijengwa enzi za Mwingereza kwa mchango wa tajiri wa Kigiriki, George Arnautoglu, uwe kituo cha jamii cha Waafrika, na watu wakacheza humo dansi kwa miaka mingi, wanaume kwa tai na wanawake kwa glavu, kabla hatujajua kwamba jasho ni sehemu ya starehe. Mlangoni tulikuta meza na dada mwenye fomu. "Karibuni wazee wangu, jiandikisheni." Fundi hana tabia ya kuikataa kalamu. Akajiandikisha, akaniandikisha na mimi, tukapewa faili, maji na sambusa, tukaingia tukidhani ni utaratibu mpya wa kutembelea majengo ya kihistoria.

Ilikuwa semina ya ufugaji wa kuku wa kienyeji. Mwezeshaji alikuwa kijana mchangamfu aliyetugawa kwa makundi kabla hatujapata pa kutokea, na kundi letu likamchagua Fundi kuwa katibu kwa sababu alikuwa na daftari. Nilimwona akiandika kwa bidii juu ya mdondo na chanjo yake. Mapumziko yalipofika nikamkumbusha jukwaa. Akasimama katikati ya ukumbi, akanyoosha mikono kulia na kushoto, akatikisa kichwa. Kwa maelezo yake, mlango ulikuwa upande ule na wanamuziki walikaa upande huu.

"Wamegeuza," alisema.

"Wamegeuza nini?"

"Ukumbi."

Nikapendekeza twende zetu. Akaniambia dada wa fomu amemdokeza kwamba nauli itatolewa jioni, na kwamba uchunguzi makini wa ukumbi unahitaji muda wa kutosha.

Kariakoo hatukukaa. Ukumbi wa DDC ndio uliokuwa Makka ya Sikinde na Fundi alitaka kupata picha ya nje, tokea ng'ambo ya barabara. Lakini Kariakoo ukiweka kitu chini, umekitangazia bei. Mtu wa kwanza aliuliza stendi ya kamera ni shilingi ngapi. Fundi akasema haiuzwi. Yule akaona ni ujanja wa kibiashara, akapandisha. Akaja wa pili, akapandisha zaidi. Mwenye kibanda cha jirani akalalamika kwamba tumemzibia njia na tunauza bila kitambulisho cha machinga. Mkokoteni ukapita ukitaka nafasi, mwenye mkokoteni akipiga kelele za kuonya baada ya gurudumu kumkanyaga Fundi, na tuliporudi kituoni stendi ilikuwa imepoteza kiatu kimoja cha mpira. Fundi naye alikuwa na kava mbili za simu ya aina asiyokuwa nayo. Picha tuliyopata inaonyesha mgongo wa mtu.

Msasani palipokuwa na sinema ya Drive-In, leo pana ubalozi wa Marekani. Fundi alitaka tupite hapo na stendi begani, "haraka tu". Nikamwambia atangulie peke yake, na kwanza aniachie namba ya shemeji.

Magomeni kulikuwa na ukumbi ambao sitautaja jina, kwa sababu sasa ni kanisa na waumini wake walitupokea vizuri kuliko tulivyostahili. Tulifika mchana wa katikati ya wiki tukitegemea kukuta mlinzi amelala. Tukakuta ibada ya maombi. Mzee wa kanisa alitushika mikono, akatupeleka mstari wa mbele kabisa, asijali kofia ya Fundi wala stendi. Mwimbishaji alipomaliza, mchungaji akaomba wageni wasimame wajitambulishe.

Mimi nilitaja jina na mtaa, nikakaa. Fundi, akiwa mtu mkweli, alisema: "Mimi mara ya mwisho kuingia humu ndani ilikuwa mwaka 1984."

"Amina!" likajibu kanisa.

"Nilikuwa nakuja kila Jumamosi. Natoka alfajiri."

"Amina!"

"Siku hiyo niliondoka na fedha za watu wengi, na sikurudi tena."

Hapo kanisa lilisimama. Akina mama wawili walikuwa wanalia. Mchungaji akashuka madhabahuni, akamwekea mkono begani, na Fundi akapata taabu kubwa kueleza kwamba yeye ni Mwislamu, kwamba fedha zenyewe zilikuwa za picha, na kwamba tatizo lilikuwa ni karatasi. Mchungaji alicheka mpaka akatoa leso. Akaturuhusu kupiga picha zote tunazotaka ibada ikiisha, kwa sharti tukae mpaka mwisho.

Sikujuta. Kikundi cha sifa kilipoanza wimbo wa pili, mpiga besi akateremka, solo ikapanda, na katikati ya wimbo wakaingia kwenye sebene ambayo bendi ya Maquis wangeweza kuipiga na watu wakamwaga vinywaji. Miaka yote nimekuwa nikisikia wenzangu wakiuliza dansi limekwenda wapi, na wanauliza wakiwa wamekaa baa wakitazama mpira kwenye televisheni. Wapigaji bora wa gitaa wa umri wa miaka 20 katika jiji hili wako makanisani, wana vyombo vizuri, mazoezi hawakosi, na hadhira yao haijalewa. Fundi alikuwa anatikisa goti. Nilipomtazama akaacha.

Jukwaa lilikuwa upande ambao yeye alisema haukuwa. Akamuuliza mzee wa kanisa walilihamisha lini. Mzee akalipiga teke kidogo. "Hili ni zege, ndugu yangu. Tumelikuta."

Safari ya kwenda Kinondoni ilianza kwa kukosea gari, tukajikuta Sinza, na kondakta akiita "Remmy, Remmy, wa Remmy sogea mlangoni!" Kituo kinaitwa Sinza kwa Remmy kwa sababu Remmy Ongala alikuwa akiishi hapo. Alizaliwa Kongo, akaja Dar mwaka 1978 kupigia Orchestra Makassy, akaivumisha Super Matimila mpaka Ulaya, akafariki Desemba 2010, na bado anaitwa na makondakta tangu alfajiri mpaka usiku. Ndilo jina pekee la mwanamuziki wa dansi ninalolilipia nauli. Fundi alimuuliza kondakta kama anajua Remmy ni nani.

"Ni kituo, mzee. Unashuka hushuki?"

Kinondoni yenyewe ilikuwa makao makuu. Vijana Jazz, bendi ya umoja wa vijana wa chama tawala, walikuwa na ukumbi wao hapo, na Hemedi Maneti akiwa hai hukupata kiti usipowahi; Maquis nao kwa kipindi walikuwa Lang'ata. Sisi hatukuwa tunatafuta kumbi hizo kubwa. Tulitafuta baa moja ya uani, ambako bendi ndogo zilipiga siku ambazo wakubwa wamepumzika, na ambako, kwa mujibu wa daftari la Fundi, ilipigwa picha ya gauni la madoadoa. Baa haipo. Pana nyumba za kupanga, duka la vifaa vya umeme na saluni. Lakini ukuta mmoja wa zamani umebaki, na Fundi akaamua kutafuta kwa vipimo mahali alipokuwa amesimama. Akatoa tepu. Mimi nikashika ncha moja ukutani, yeye akarudi nyuma na nyingine, akaandika kwenye daftari, akaweka stendi, akatazama ukuta kwa jicho moja.

Msomaji wa Dar hahitaji kuelezwa. Wazee wawili, tepu, daftari, kitu chenye miguu mitatu. Dada wa kwanza alianua nguo zake bila kusema neno. Wa pili aliingia ndani akatoka na simu sikioni. Kabla hatujapima upande wa pili, uwanja ulikuwa umejaa.

"Barabara inapita hapa?"

"X mnaweka wapi? Geti nimelipaka rangi juzi tu, wekeni ukutani."

"Sisi wapangaji kwenye fidia tumo?"

Fundi akajaribu kutuliza hali. Akasema hatuna nia mbaya, tunatafuta tu baa iliyokuwepo hapa zamani. Hilo likawagawa watu. Wanaume kadhaa wakauliza inarudi lini. Akina mama wakasema haiwezekani, kuna watoto wanasoma. Akaitwa mjumbe. Mjumbe alikuja na kitabu cha wageni na miwani, akataka barua ya utambulisho. Hatukuwa nayo. Fundi akampa kipeperushi cha maonyesho, ambacho binti alikuwa amekitengeneza kwa ufundi mkubwa: upande wa kushoto picha ya ukumbi uliojaa watu na neno ZAMANI, upande wa kulia kiwanja kitupu chenye nyasi na neno SASA.

Mjumbe alikisoma taratibu. Akatuonyesha kiwanja kwa kidole. "Kwa hiyo huu ndio mpango wenyewe?"

Wakati sisi tunajieleza, watoto walikuwa wamegundua ile Yashica. Fundi alikuwa ameibeba shingoni kwa heshima tu, maana mikanda yake siku hizi ni ya kuagiza; kazi yenyewe alikuwa anapiga kwa kamera ya mtoto wake. Akawaruhusu wainamie kioo kimoja kimoja. Wakapanga foleni. Kijana wa darasa la tatu au la nne hivi aliinamia, akainua kichwa akatazama barabarani, akainamia tena.

"Babu, bodaboda inaenda kule, lakini humu inakuja huku."

"Ndivyo ilivyo," alisema Fundi bila kumtazama, akiendelea kumweleza mjumbe. "Kioo cha juu kinageuza. Kulia inakuwa kushoto. Unazoea."

Nilimwachia tepu. Ikajikunja yenyewe kwa kishindo.

Miaka kumi mizima bwana huyu aliyatazama madansi ya jiji hili akiwa ameinama. Hakuwahi kuuona ukumbi hata mmoja kwa macho yake, aliona kioo. Kila mlango, kila jukwaa, kila kaunta anayoikumbuka, anaikumbuka kinyume. Anatoglo hawakugeuza chochote. Zege la Magomeni lilikuwa na haki yake. Lakini mbona picha ya gauni la madoadoa inalingana na kumbukumbu yake sawasawa? Nikaitoa kwenye bahasha, nikatazama shati la kijana mwenye bugaluu, kisha nikatazama langu. Vifungo vyake viko upande usiokuwa wa kiume. Kijana wa kompyuta alikuwa ameweka negativu kwenye mashine kifudifudi. Kwa hiyo picha ilikuwa imegeuka, kumbukumbu ya Fundi nayo imegeuka, vikathibitishana, na aliyebaki kuwa mwongo ni ukuta.

Fundi alielewa, lakini hakukubali yote. "Basi mpiga solo ni wa mkono wa kulia," alisema. "Bendi ni ile ile."

Hapo akajipenyeza mama mmoja wa makamo yetu, khanga begani, wajukuu watatu nyuma yake. Alikuwa amekuja kwa habari ya fidia. Macho yake yalitua kwenye picha mkononi mwangu, yakahamia usoni kwa Fundi, yakabaki hapo.

"Wewe," alisema. "Wewe si mpiga picha?"

Fundi alirudi nyuma hatua moja na kugonga stendi. Mjukuu mkubwa, binti wa kama miaka 15, alikuwa ameshaichukua picha. "Bibi! Huyu si wewe? Na huyu mwanaume ni nani? Siyo babu!"

"Siyo mimi," alisema mama haraka. "Ni marehemu shangazi yenu wa Tanga. Lete hapa." Akaitazama kwa muda mrefu, kwa mkono ulionyooshwa kabisa, kama wanavyofanya waliosahau miwani. Mjumbe naye akachungulia, na nilipomweleza kwamba hii ndiyo kazi iliyotuleta, kwamba tunatafuta bendi iliyoitwa O.O.H., mama akageuka.

"Bendi gani?"

Nikamwonyesha herufi ukutani.

"Hicho ni choo," alisema. "Pameandikwa CHOO. Mbele ya bendi palikuwa pamejaa watu wenye magari, sisi wengine tulichezea mlangoni mwa choo, ndiko kulikokuwa na nafasi." Akakumbuka wajukuu. "Yaani shangazi yenu alinisimulia."

Fundi alifumba macho. Nadhani alikuwa anaiaga Orchestra yake, ile iliyokaa Dar kidogo ikapitiliza Nairobi.

Mjumbe alitusainisha kwenye kitabu, sababu ya kuja akaandika "kutafuta choo", na watu wakaanza kutawanyika, wengine wakionekana kusikitika kidogo kuhusu fidia. Tukafunga stendi. Tulikuwa tumefika kwenye kona ya saluni, tukisubiri bajaji, ndipo mama akatufikia, safari hii bila wajukuu, akihema.

"Ni mimi," alisema. "Nataka mbili. Moja kubwa ya ukutani, na hiyo mumkate yule mrefu. Nyingine ndogo, mumwache."

Fundi, ambaye biashara haijawahi kumtoka, alitoa daftari na kuanza kueleza gharama za kusafisha picha siku hizi.

"Nilishalipa. Siku ile ile, mkononi mwako. Nilikupa noti ya mia, na chenji ukasema utaleta pamoja na picha."

Fundi alitazama chini. Kisha akanisogelea, akaninong'oneza kama ninayo sarafu ya mia.

Mama alimsikia. "Mia ya mwaka ule," alisema.